Zenoviy Paliychuk na Mkebe wa Udongo wa Kwao

Zenoviy Paliychuk, ambaye leo tunamsindikiza hapa Winnipeg, alizaliwa tarehe 14 Machi 1930 katika kijiji cha Verbivka, karibu na Ternopil, nchini Ukreini. Alikuwa kitinda mimba wa Mykhailo, fundi seremala, na Teklia, ambaye bustani yake ya mboga ilisifiwa hata na majirani waliokuwa hawasemi naye.

Alisoma madarasa sita kijijini, chini ya serikali tatu. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba picha ya mtawala ukutani ilibadilishwa mara tatu, ila fimbo ya mwalimu ilibaki ile ile. Machi 1944 vita vilipokaribia, aliondoka na mjomba wake. Mama yake alimfungia kitambaani udongo wa bustani, kiasi cha kujaza bakuli. Hawakuonana tena. Masomo aliyamalizia katika kambi ya wakimbizi Ujerumani, na huko ndiko alikopata mkebe wa biskuti wa kuuhifadhia udongo ule.

Alifika Kanada kwa meli mwezi Juni 1948. Alilima viazisukari kwa mkataba wa miaka miwili, kisha akaajiriwa katika karakana ya reli mjini Winnipeg, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 1992. Kuanzia 1961 hadi 1989 alikuwa mwenyekiti wa ukumbi wetu huu wa jumuiya ya Waukreini. Alianzisha shule ya Jumamosi, akasimamia kwaya, akawatafutia kazi wageni wasiojua neno la Kiingereza. Kwenye muda hakuwa na mchezo. Saa ikifika alifunga mlango, na aliyechelewa alifuatilia mkutano akiwa kwenye theluji.

Zaidi ya yote, watu walimjia kwa ajili ya mkebe. Karibu wote walikuwa wamekimbia mikono mitupu, na kila mmoja alitaka azikwe na udongo wa nyumbani. Palipotokea msiba, familia iligonga mlango wa Zenoviy, naye akatoa kijiko kimoja, akakinyunyiza juu ya jeneza kwa mkono wake. Alifanya hivyo katika mazishi sitini na mawili.

Tarehe 20 Oktoba 1956 alifunga ndoa na Yevhenia Dutkivska, wakajaliwa watoto wawili, Daria na Roman. Yevhenia, kama wanawake wote wa hapa, aliweka akiba ya udongo chini ya nyumba kila vuli, maana Machi, wakati wa kuatika nyanya, ardhi ya Winnipeg huwa imeganda haichimbiki. Akiba hiyo nayo aliiweka kwenye mkebe wa biskuti. Machi 1967 alichukua mkebe usio wake. Mumewe alipogundua, udongo wa Verbivka ulikuwa umegawanywa kwenye vikopo arobaini dirishani, na nyanya zimeshaota. Mwezi Juni miche ilihamishiwa bustanini pamoja na udongo wake.

Agosti mwaka huo Prokip Stelmakh alifariki, na mkewe, Bibi Paraska, akaja kuomba kijiko chake. Zenoviy alizunguka nyuma ya nyumba, akachimba kwenye shina la nyanya, akaujaza mkebe. "Udongo wa kwetu umo humu humu," alimwambia Yevhenia. Kuanzia siku hiyo alichota pale pale, na hakuna aliyeambiwa.

Mwaka 1993 alirudi Verbivka kwa mara ya kwanza, akaujaza mkebe kwenye kaburi la mama yake. Katika uwanja wa ndege wa hapa, ofisa alimuuliza kama amebeba udongo. Mtu aliyewaficha wenzake miaka ishirini na sita alijibu kwamba amebeba. Sheria haikuruhusu, ukamwagwa. Daria, aliyekwenda kumpokea, alimwona akitoka na mkebe mtupu kwapani, wala hakuelewa kwa nini baba yake analia.

Yevhenia alitangulia mbele ya haki mwaka 2006. Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2012, akalazwa kwa mara ya mwisho tarehe 19 Agosti mwaka huu wa 2014. Hapo ndipo alipomweleza Daria habari za mkebe, akamtaka azisome mbele ya kaburi lake.

"Baba, watu wamezika wazazi wao wakiamini," Daria alimwambia. "Utaniachia aibu hiyo mimi?"

"Waambie nikiwa sipo, mwanangu. Nyuso zao sitaziweza."

Alifariki Jumanne, tarehe 2 Septemba, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na minne.

Daria, ambaye ndiye anayewasomea haya, hakuthubutu kuja nazo moja kwa moja kaburini. Alhamisi alikwenda jikoni ukumbini, ambako akina mama walikuwa wakikunja vareniki, yale maandazi yetu ya kuchemsha yenye viazi ndani, kwa ajili ya matanga, akawaambia. Hakuna aliyeacha kukunja. Bibi Paraska, mwenye miaka tisini na moja, alisema, "Bakuli moja, mazishi sitini. Wewe unadhani sisi hatujui kuhesabu? Kijiko cha Prokip wangu kilikuwa na mzizi wa nyanya."

"Sasa mbona hamkusema, Bibi?"

"Angeacha kutupatia."

Marehemu ameacha watoto wawili, Daria na Roman, wajukuu watano, kitukuu mmoja, Teklia, na jumuiya hii. Mkebe uko hapa kando ya kaburi. Asubuhi Daria aliuleta ukiwa nusu, kwa udongo wa bustani ya nyumbani. Akina mama wamepita mmoja mmoja, kila mmoja na konzi ya udongo wa bustani yake, na sasa mfuniko haufungi. Bibi Paraska ameomba awe wa kwanza kumnyunyizia.

Udongo huu na uwe mwepesi juu yako, Baba. Ni wa kwenu.