Pete Isiyosimama Yenyewe

Ndugu, jamaa na majirani mliokanyaga theluji mpaka hapa kanisani, familia imeniomba mimi, Tilda, niwasomee maisha ya baba yangu, Reino Halvari.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963 hapa Hancock, Michigan, mtoto wa pili wa mchimbaji wa shaba Onni Halvari na mkewe Saima. Alisoma hapa hapa, akapata shahada ya fizikia mwaka 1986, na kuanzia 1991 alifundisha chuoni. Tarehe 14 Juni 2003 alifunga ndoa na mama yangu, Lorna, na mwaka 2007 wakanipata mimi, mtoto wao pekee.

Kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa na mshahara. Alifikiria pete kubwa mno, inayolizunguka jua, watu wakiishi upande wake wa ndani, akawa anauliza swali moja tu, kwamba ikisogezwa kidogo, je, itarudi mahali pake. Hairudi, kwa sababu upande uliolikaribia jua huvutwa zaidi, nayo pete huzidi kwenda huko huko mpaka iligonge. Miaka yote alitafuta umbo ambalo lingejirudisha lenyewe. Mwenzake chuoni, mzee Walt, alikuwa akimtania kwenye kahawa, "Reino, pete yako imeshaanguka?" naye akimjibu, "Bado, lakini usinunue kiwanja huko."

Novemba 2021 alianguka akitoka sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke. Mama akamuuliza, "Umekunywa wewe?" akasema, "Maji tu, mke wangu." Hospitalini tuliambiwa kwamba sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kusimama wima ilikuwa inanywea, na ugonjwa huo hauna dawa.

Septemba 2023, nikiwa darasa la kumi, niliacha shule, kwa kuwa Mama alikuwa kazini na Baba hakuweza kuachwa peke yake. Alinikatalia.

"Rudi shuleni, Tilda."

"Nikirudi, nani atakushika?"

Akanishika mkono, akainuka. Tangu siku hiyo akawa ananiita injini yake. Alisema pete haihitaji nguvu nyingi, inahitaji mtu wa kuisogeza kidogo, tena na tena, bila kuchoka, na kwamba hilo ndilo jibu pekee alilolipata, wala hakulipenda.

Mwezi uliopita, akiwa amelazwa hospitalini, daktari alituambia hali yake ni thabiti. Mama akashusha pumzi, akaanza kuzungumzia kumrudisha nyumbani. Baba akasema, "Daktari, kitu thabiti ukikisukuma kinarudi. Mimi nisukume uone." Wote wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimemshika kiwiko, nikasikia uzito wake ukielekea upande mmoja. Kila siku tulimsogeza na kumgeuza kitandani, na kila mara alirudi akiwa na nguvu pungufu ya jana. Homa ya mapafu ilimchukua tarehe 2 Februari 2025, asubuhi, Mama akiwa upande huu na mimi upande ule.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, mzee Walt aliyekuja kumsomea Baba hesabu za pete yake, na majirani walioondoa theluji mlangoni kwetu bila kuombwa.

Baba, mkono wangu bado unatafuta kiwiko chako kila ninaposimama. Sasa nakuachia. Pumzika.