Mzee Famau na Paka Aliyeacha Sindano

Tarehe 31 Oktoba, Mzee Famau Athman atakabidhi funguo za ghala letu la hapa Freezone ya Uwanja wa Ndege, eneo la biashara huru, baada ya kuzishika kwa sehemu kubwa ya miaka yake ishirini na tisa ya kazi. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi kwa sababu, walivyosema, mimi Caren wa mapokezi ndiye ninayezungumza naye sana. Ukweli ni kwamba Mzee hazungumzi sana na mtu yeyote. Huzungumza na paka, nami meza yangu iko karibu.

Alikuja huku ughaibuni kutoka Lamu akiwa kijana mwenye masharubu mazito, kama picha ya kitambulisho chake cha kwanza inavyodai, akaanza kwa kupakua makontena. Akapanda hadi kuwa karani wa mizigo, kisha msimamizi wa ghala. Amewafundisha kazi watu wa nchi nyingi kwa Kiarabu cha sokoni na subira isiyo na mwisho, na baadhi yao leo ni mameneja ambao husimama wakimwona anaingia. Foklifti aliendesha mara moja tu. Ukuta wa nyuma una alama hadi leo, na tumekataa usipakwe rangi.

Miaka ya karibuni haikuwa na mzaha mwingi. Mkewe, Bi Shifaa, alifariki Lamu mwaka 2020, wakati ndege zilipokuwa zimesimama. Mzee aliyasikiliza mazishi kwa simu, katika chumba anacholala na wenzake kule Al Quoz, nao wakatoka nje kumpisha. Hawakujaaliwa mtoto, kwa hiyo nyumba ilifungwa. Tangu hapo, kila likizo yake ilipofika aliiahirisha, na sisi tulijifanya hatuoni.

Kisha akaugua Mudir. Huyu ni paka wa rangi ya chungwa aliyejiajiri mwenyewe hapa ghalani, akapewa jina hilo la Kiarabu, yaani meneja, kwa kuwa hakutaka kulala popote isipokuwa kwenye kiti cha meneja wetu, Bwana Hashir. Kila zamu ilimlisha ikidhani ni ya kwanza. Kumlisha paka kuna thawabu, na kila mmoja alizitafuta thawabu zake katika tumbo lile lile: huyu kipande cha chapati kilichochovywa kwenye chai ya maziwa, yule wali wa jana, Mzee mwenyewe mahamri. Mudir akawa mnene kama mto. Halafu akaanza kukonda, akawa anakunywa maji bila kukoma, na miguu ya nyuma ikalegea. Daktari Sundus, mwenye kliniki ya wanyama huko Satwa, alimpima akasema ni kisukari. Alitaka adungwe insulini asubuhi na jioni, sindano zikipishana kwa muda wa saa kumi na mbili, na mahamri yakome.

Tuliulizana nani atamdunga. Bwana Hashir akatazama dari. Boaz wa ulinzi, ambaye kwa kimo chake hata malori humpisha, alisema sindano humtia kizunguzungu. Mzee Famau akakunja mikono ya shati.

Hakukosa hata mara moja. Siku za mapumziko alitoka Al Quoz alfajiri kwa basi na metro, akamdunga, akarudi, na jioni akaja tena. Kichupa cha insulini alikiweka kwenye friji ya chumba cha chai, na ole wako ukikisogeza. Alijifunza kumtoboa sikio kidogo ili apate tone la damu la kupima, na kila mara alimwomba radhi kwanza. Tukaanza kumwona mtu mwingine. Alinyoa ndevu vizuri, akasalimia kwa sauti, akawa na habari za kutusimulia. Tulipomuuliza mgonjwa anaendeleaje, alijibu kwa urefu, kama anavyojibu mtu mwenye watu nyumbani.

Baada ya miezi kadhaa daktari alianza kupunguza dawa, kidogo kidogo, mwishowe akaisimamisha. Mwezi ukapita sukari ikiwa sawa. "Khalas, sindano zimekwisha, Mzee," Daktari Sundus akamwambia. "Hajapona moja kwa moja, ila ugonjwa umelala. Mlinde chakula chake, mpime mara moja kwa wiki, basi." Mzee akapikia ghala zima pilau ya shukrani. Mgonjwa hakuonjeshwa hata punje. Tulipiga makofi na kushiba, na mimi niliona kwamba mpishi hakula.

Aliendelea kuja siku zake za mapumziko, alfajiri ile ile. Nilimuuliza kwa nini asilale. "Caren mwanangu," akasema, "zamani nikichelewa, kuna mtu anaumia. Sasa nikichelewa hakuna." Kisha akaniambia kwa haya kwamba asubuhi moja, kabla ya kumpima, alijikuta anatamani sukari iwe imepanda kidogo. Haikuwa imepanda. Ameniruhusu niyaandike haya; nilipomsomea aliitikia kwa kichwa tu, akasema ndivyo ilivyokuwa.

Kazi ikiisha na visa inaisha, hapa ndivyo mambo yalivyo. Tukakubaliana wote kwamba arudi Lamu na Mudir. Daktari alisema paka anaweza kusafiri, na Boaz akanunua kikapu cha kumbebea. Mzee akakishika kile kikapu, akakigeuza huku na huku, akakiweka chini. "Huyu kazoea foklifti na watu wa kumvuta mkia," akasema. "Ugonjwa ukiamka, hapa daktari yupo. Halafu nimtie katika nyumba ile, akae na mimi tu? Kimya cha nyumba ile nakijua. Mimi nitakizoea. Yeye ana kosa gani?" Boaz alitoka nje akasema anakwenda kuangalia geti.

Wiki hii amenifundisha kumtoboa Mudir sikio. Alinishikia kiganja hadi tone likatoka.

Mzee Famau, asante kwa kila kijana uliyemfundisha bila kumfokea, na kwa ghala ambalo halijawahi kututia aibu. Tunakuombea afya, majirani wema, na nyumba isiyokosa mgeni. Kila Ijumaa nitampima Mudir, kisha nitakupigia. Namba ikiwa mbaya, nitakuuliza tufanye nini. Ikiwa nzuri, nitakuuliza vilevile.