Bi Zulma na Siku Thelathini za Cañada Brava

Habari za asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Mimi ni Heber Larrosa. Leo sina bei za ng'ombe, wala sina salamu za siku ya kuzaliwa. Leo tunamkumbuka mtu mmoja.

Bi Zulma Arrillaga, mfunzaji wa farasi wa mbio hapa Cañada Brava, alifariki Jumanne. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Aliondoka asubuhi, nyumbani kwake, kibuyu cha chai chungu mkononi. Binti yake, Mirta, ameniambia: "Mama alikuwa amevaa buti tayari. Alikuwa anangoja chai iishe aende kwa farasi."

Narudia kwa unayefungua redio sasa hivi. Bi Zulma amefariki. Ametuachia uwanja wa mbio na mabanda saba ya farasi, na bila yeye tusingekuwa na hata kimoja. Nataka kuwaeleza alivyofanya, maana vijana wengi mnacheka hadithi ya farasi wa maziwa bila kujua ilikuwa na uzito gani.

Alizaliwa nyuma ya karakana ya baba yake, fundi wa kwato. Akiwa na miaka kumi na minne alikuwa tayari anawapanda farasi wa watu mazoezini. Baadaye akanenepa. "Farasi mwenyewe aliniambia nishuke," alikuwa akisema. Akashuka, akawa mfunzaji. Watu aliwasemesha kama farasi, na farasi aliwasemesha kama maaskofu.

Sasa, siku thelathini. Kila mtu hapa anazijua. Farasi wa mbio zetu kubwa haji siku ya mbio. Anakuja siku thelathini kabla, anakabidhiwa kwa kamati, analala kwenye mabanda yetu, anakula shayiri yetu, anafanya mazoezi mbele ya macho yetu. Havuki kijito cha Tala mpaka mbio ziishe. Akivuka, ametoka. Hakuna maelezo.

Miaka tisa iliyopita, wasikilizaji wapendwa, wenye farasi walichoka na desturi hiyo. Walikuwa na malori. Walitaka kufika asubuhi, wakimbize, waondoke jioni. Wengi waliacha kabisa kuja. Mabanda yetu yalikuwa kumi na moja, yakabaki matatu. Kamati ikakaa kujadili kuzifuta siku thelathini. Bi Zulma alikuwa mjumbe. Akasimama.

"Farasi akija asubuhi akaondoka jioni, sisi tunabaki na nini?" akauliza. "Samadi. Na hata hiyo samadi ni ya nyasi za huko mjini Montevideo. Nani atamfuga hapa? Nani atamtengeneza kwato? Mtabaki na uwanja wa kukaa na kutazama wageni."

Watu walicheka. Kisha kamati ikapiga kura, na akashindwa, sita kwa watatu. Lakini mwenyekiti alimwonea haya, akampa nafasi moja. Mbio moja ya mwisho kwa mtindo wa zamani. Farasi wanane, siku thelathini. Wanane waondoke, wanane wavuke mstari. Wakitimia, desturi inabaki. Akipungua mmoja, uwanja unakodishwa kwa wakulima wa soya.

Farasi wanane, na mabanda yalikuwa matatu, kila moja la farasi wawili. Bi Zulma akaanza kubisha hodi nyumba hadi nyumba. Mwokaji mikate alihamisha kuni zake. Padri alitoa chumba cha nyuma ya kanisa, akaomba tu asiwekewe dume mkorofi. Ndugu yake, Nery, bado anacheka na kulia akisimulia zamu yake: "Aliingia bila hodi. Akasema, Nery, hilo gari halijatembea tangu mkeo akukimbie. Litoe nje, kuna farasi anakuja."

Wakapatikana wanane. Wa nane alikuwa wake mwenyewe, Zorzal. Nimetangaza mbio miaka thelathini na sijaona farasi bora kuliko Zorzal katika mji huu. Alikuwa hana mshindani, na kila mtu alijua.

Siku ya kumi na tisa, Bi Zulma akakosea.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na ukingo wa huku wa Tala ulikuwa tope tupu. Yeye miaka arobaini alikuwa na mazoea haya: farasi akimaliza mbio za shoti, anasimamishwa kwenye maji ya mto ili miguu ipoe. Asubuhi hiyo, mawazo yakiwa kwenye miguu ya farasi, alimpeleka mahali penye mchanga safi. Penye mchanga safi ni ng'ambo. Zorzal alisimama ng'ambo ya Tala kwa muda wa kunywa chai moja.

Hakuna aliyeona ila Nery. Ananiambia: "Nilimwambia, dada, nyamaza, hakuna aliyeona. Akanitazama. Akasema, kwani wewe si mtu? Wewe umeona."

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa mbele ya kamati, buti zikiwa bado zinavuja maji. Alijisema mwenyewe. Zorzal akatolewa. Wakabaki saba.

Wenye farasi wale saba hawakuwa watu wabaya. Walikwenda kwake wote wakamwambia yaishe, ni maji tu, farasi wake akimbie. Alikataa. "Leo mkinisamehe kijito," akawaambia, "mwakani mtamsamehe mwenzangu lori."

Wa nane angetoka wapi? Kanuni ilisema farasi yeyote, ilimradi awe ndani ya mji siku thelathini kamili. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Farasi wa nje hakufaa tena. Ndipo Bi Zulma alipokwenda kwa Wilmar Techera, muuza maziwa, mwenye farasi jike anayeitwa Lucera. Lucera alikuwa hajavuka Tala miaka kumi na mmoja.

"Bi Zulma, lakini huyu anavuta gari la maziwa," Wilmar akasema.

"Karatasi imeandika farasi. Haikuandika anavuta nini."

"Na maziwa yangu nitayabebaje?"

"Una mabega, Wilmar."

Siku kumi na moja alimfundisha Lucera. Mwendo alikuwa nao, si haba. Shida ilikuwa nyingine. Miaka kumi na mmoja Lucera alikuwa akisimama kwenye kila mlango wa mteja, bila kuambiwa. Mazoezini alipita mbele ya duka la dawa, akasimama. Akapita kwa mwalimu mkuu, akasimama. Joki, kijana aliyempanda, alikaribia kulia.

Siku ya mbio ikafika. Mimi nilikuwa kwenye maikrofoni hii hii. Mageti yakafunguka, wanane wakatoka. Saba wakavuka mstari, vumbi likatulia, na nyuma kabisa Lucera akawa anakuja kwa mchakamchaka mdogo, masikio wima, hana haraka na mtu. Zikiwa zimebaki mita mia moja, akasimama.

Kwenye uzio pale alikuwa amesimama Bi Elbia, mjane wa pale posta, anayenunua lita mbili kila asubuhi.

Joki alipiga visigino. Wapi. Wenye farasi wale saba walikuwa wanatazama. Kamati ilikuwa inatazama. Uwanja mzima, kila mtu alikuwa anaona soya. Bi Zulma, miaka sitini na miwili, alitimka kando ya uzio na buti zake.

"Elbia, nenda kwenye mstari."

"Nikafanye nini huko?"

"Ukanunue maziwa."

Bi Elbia akashika sketi yake, akatembea. Lucera akamfuata, hatua kwa hatua, mpaka wakavuka wote wawili. Nikasema "wanane" kwenye redio, wasikilizaji wapendwa.

Kamati ilitimiza ahadi. Msimu uliofuata waliletwa farasi kumi na wanne. Siku thelathini zipo mpaka leo. Fundi wa kwato yupo, shayiri inauzwa, mabanda ni saba. Lakini Zorzal aliumia mguu mwaka ule ule, hakukimbia tena. Bi Zulma hakupata farasi mwingine kama yule. Mwaka jana nilimuuliza kama anajuta. "Kila Jumapili ya mbio," akasema, akaenda zake kulisha.

Mirta, Nery, na familia yote ya Arrillaga, poleni sana. Mji mzima umefiwa pamoja nanyi.

Na ninyi mnaonisikiliza, naomba mtafakari jambo hili. Alhamisi saa kumi jioni kamati inakutana, na malori yamerudi kwenye ajenda. Ni swali lile lile. Tuna mji wenye farasi, au tuna uwanja wa kutazama wageni?

Mimi nina la kusema pia, na nimechelewa miaka tisa. Kura ile ya sita kwa watatu, mmoja wa wale sita nilikuwa mimi. Bi Zulma alijua. Alinisalimia kila asubuhi na hakunitajia hata mara moja. Kati ya wale watatu wamebaki wawili, Nery na mwokaji mikate. Alhamisi nakwenda kukaa upande wao. Viti vingine viko wazi.