Bi Vasiti na Kanzidata Iliyokombolewa kwa Utani

Tarehe 28 Novemba Bi Vasiti Raikoti anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja katika idara yetu ya data hapa Suva, Fiji. Wamenipa mimi dereva niandike, kwa sababu mambo niliyaona kwa macho yangu. Vijana wa kompyuta wangewachosha.

Amehamisha kanzidata nyingi, lakini kazi iliyompa jina ni ile ya kliniki ya kisukari. Kumbukumbu za wagonjwa wote, nani anadungwa dawa kiasi gani, zilikaa kwenye mitambo ya kampuni moja ya mjini. Mkataba ulikuwa unaisha Ijumaa. Baada ya hapo wanafuta. Kila tulipoomba nakala, meneja wao, Ilaitia, alijibu neno moja: "Subirini." Barua pepe zetu ziliota ndevu kwake.

Alhamisi Bi Vasiti akagundua kwamba kijiji cha Ilaitia na chake ni tauvu, watani tangu mababu. Mtani akibeba kitu chako, huna ruhusa hata ya kununa. Akaniambia niwashe gari.

"We mla popo, bado u hai?" alimsalimu Ilaitia tulipoingia ofisini kwake.

"Karibu, mwizi wa kuku! Kama umefuata data, rudi."

"Nani ana shida na data? Nimefuata feni."

Nikabeba feni. Akataka birika, akataka kiti, na Ilaitia bado kakikalia. Nilivinyanyua vyote kwa mkono mmoja, meneja juu yake, waulizeni walinzi. Wafanyakazi wake walicheka hadi wakakaa chini. Kisha Bi Vasiti akaligusa tanoa, bakuli la kunywea yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, ambalo Ilaitia alilirithi kwa babu yake.

"Shangazi, nakuomba! Chukua data zote, niachie bakuli!"

"Ni za wagonjwa, mjinga wee. Andika nywila."

Ilaitia aliandika mwenyewe, akanakili mwenyewe, akatubebea diski hadi garini huku jasho likimchuruzika.

Ijumaa wakafuta kweli. Jumatatu nesi akaandika jina la bibi mmoja wa Nausori, na kipimo chake cha dawa kikatokea kwenye kioo cha kompyuta. Bibi akadungwa, akaenda zake sokoni kuuza magimbi, hajui hata kama palikuwa na vita.

Bi Vasiti, wapo wengi kama yule bibi, na hawatakuja kukuaga. Sisi tunakushukuru kwa niaba yao. Pumzika vema, uishi miaka mingi, na watani wako wafunge milango.