Karani wa Masjala na Milango Mitatu ya Kura

Wafiwa, majirani, na ninyi wa kanisani na wa msikitini mliochanganyika kwenye viti hivi vya kuazima, familia imempa msomaji huyu karatasi ya maisha ya mpendwa wetu, na kwa kuwa macho yake si mazuri, anaomba mumvumilie akirudia mstari.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa mpanga mabehewa na mshona nguo, watu wa mlimani kwa asili na Wakristo kwa imani, akasoma shule ya msingi kuanzia Januari 1959 hadi 1965, kisha sekondari ya kutwa hadi Novemba 1969, ambako hakung'ara katika lolote isipokuwa kupanga vitabu vya maktaba, kazi ambayo hakutumwa na mtu.

Tarehe 2 Februari 1971 aliajiriwa kuwa karani wa masjala katika ofisi ya wilaya, akadumu humo miaka thelathini na mitano kati ya makabati ya chuma na faili zilizofungwa kwa kamba, na wenzake wakamwita Bwana Alfabeti, kwa sababu aliamini kwa moyo wote kwamba herufi haina kabila wala dini, kwamba watu wakipangwa kwa majina yao hakuna anayependelewa wala anayeonewa, na hata jikoni kwake mkebe wa chai ulitangulia wa chumvi, na wa chumvi ukatangulia wa sukari, mpaka mkewe akawa anaificha mikebe ili apike kwa raha.

Mke huyo alimwoa tarehe 9 Septemba 1978, ndoa ya ofisini, kwa kuwa bibi harusi ni Mwislamu na ni mtu wa bondeni, na wazee wa pande zote mbili walihudhuria wamenuna kama watu walioitwa kulipa faini, ila kaka wa bibi harusi, fundi saa mwenye kibanda karibu na posta, ndiye aliyetia saini kuwa shahidi, akampokea shemeji yake kama ndugu wa tumbo moja. Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1979, 1982 na 1986, na kila mmoja alipewa jina ambalo huwezi kujua limetoka upande gani.

Hapa karatasi ya watoto ilisema kwamba mwaka 1993, vyama vingi viliporuhusiwa, baba yao alisimamia uchaguzi wa kwanza kwa mafanikio. Msomaji ameomba ruhusa kwa mama yao akayafuta maneno hayo, maana marehemu mwenyewe asingekubali yasomwe.

Tarehe 18 Novemba 1993 alikuwa msimamizi wa kituo cha kura katika shule ya msingi ya mtaa huu, akachagua madarasa matatu, akayagawia herufi sawasawa kwa rula na kalamu nyekundu, A hadi wapi, wapi hadi wapi, na katika uhodari wote huo aligawa herufi akasahau kuhesabu watu, wala hakukumbuka kwamba watu wa bondeni karibu wote majina yao huanza na herufi mbili zinazofuatana. Kufikia saa tano milango miwili ilikuwa mitupu, na mlango wa kati ulikuwa na watu mia nane juani, wote wa kabila moja na karibu wote wa dini moja, wakitazamana, huku vijana wa mlimani waliokwisha kupiga kura wakipita na kuwacheka. Ikasemwa kwamba wamewekewa karani mmoja makusudi ili jioni iwakute nje. Marehemu alikimbia toka mlango hadi mlango akieleza habari za alfabeti, nani amsikilize, mawe yakaanza kuruka, na jiwe moja, ambalo mrushaji wake hajulikani hadi leo, likampata fundi saa kwenye jicho la kulia, lile la kuwekea lenzi ya kuchungulia saa, wakati amenyanyua mikono akiwasihi watu wakae chini.

Fundi saa alipoteza jicho hilo, na hakuamini kwamba mtu aliyepanga faili miaka ishirini na miwili bila kukosea angekosea siku hiyo kwa bahati mbaya. Marehemu alipokwenda kumwona wodini aligeuziwa mgongo, na fundi akaapa hatakanyaga nyumba ya shemeji yake.

Tangu hapo marehemu hakutulia. Aliandika barua kumi na moja kwa tume ya uchaguzi, akiomba watu wapangwe kwa mwezi wa kuzaliwa na si kwa jina, na katika uchaguzi wa 1998 kituo chetu kiliruhusiwa kujaribu. Wazee wengi hawakuijua siku yao ya kuzaliwa, makarani wa vitambulisho walikuwa wamewaandika wote tarehe mosi Januari, kwa hiyo foleni ya Januari ilizunguka shule nzima, lakini humo shehe alisimama nyuma ya mchungaji, wa mlimani mbele ya wa bondeni, wote wanaungua jua lilelile, na badala ya mawe kulikuwa na vicheko na kutaniana nani mkubwa kati ya mapacha mia sita. Marehemu hakucheka, alizunguka uwanja siku nzima akihesabu vichwa.

Na kila mwezi, kwa miaka ishirini na minane, alivua saa yake akaipeleka kwenye kibanda kile, akasimama mguu mmoja ndani mmoja nje, na fundi aliifungua, akaichungulia kwa jicho la kushoto, akaifunga, akasema, "Saa haina tatizo," basi.

Alistaafu Machi 2006. Aprili 2022 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa, na mkewe akaipeleka saa kibandani na ujumbe kwamba safari hii fundi airudishe mwenyewe. Tarehe 5 Juni fundi alifika, akakaa kwenye benchi la nje ya wodi saa tatu nzima, saa iko mfukoni, akajiambia ataingia kesho. Marehemu alifariki tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa imani zote mliokesha nasi, na makarani wenzake wa masjala.

Wengi mnanijua, fundi saa ni mimi. Leo nimeikanyaga nyumba yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na yeye ndiye anayetoka. Shemeji, nimeifungua tena asubuhi hii, saa haina tatizo, na mimi sina tatizo na wewe, siku nyingi sana sina. Nilipaswa kukuambia. Pumzika kwa amani.