Bi Mwanamize, Aliyeifupisha Filamu Bora ya Dunia

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Mwanamize Haroun alikabidhi funguo za stoo ya Garsen na kustaafu, baada ya kulitumikia Shirika letu la Sinema Vijijini kwa miaka thelathini na minne. Wenzangu wameniomba niandike wasifu wake katika jarida hili kwa sababu, wanasema, mimi Nuriya ndiye karani na kalamu ni yangu. Ukweli ni kwamba mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naijua siri yake kabla ya siku ile, na wote wanataka kuona nitaieleza vipi.

Bi Mwanamize ni mzaliwa wa Kipini, na Kiswahili chake ni cha huko, kitamu hata anapokugombeza. Aliajiriwa mwaka 1991 kusafisha mikanda ya filamu na kuipanga kwenye rafu. Hakudumu kwenye rafu. Bwana aliyeletwa kuendesha projekta aliwaonja mbu wa huku delta ya Mto Tana kwa majuma mawili, akakumbuka kwamba ana shangazi mgonjwa Mombasa, na mpaka leo hatujapata habari za huyo shangazi. Bi Mwanamize akaishika projekta bila hata kuombwa.

Tangu hapo yeye, jenereta, turubai jeupe na dereva wetu Mohdhar walizunguka kote: Minjila, Kulesa, Hewani, na kwenye kambi za wafugaji wa Kiorma huko nyandani. Mvua ikizidi, Landrova ilibaki Garsen na projekta ikavushwa mtoni kwa mtumbwi, Bi Mwanamize ameipakata kama mtoto mchanga. Mwaka 1996 dereva na mwendesha projekta wakaoana. Waliokuwepo wanasema hakuna aliyeshangaa isipokuwa Mohdhar mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, mwenye utani wa chini kwa chini, na tulimzika miaka miwili iliyopita, Mungu amrehemu.

Sasa kazi yenyewe. Wafadhili wa wakati ule walituletea sanduku la filamu kumi za zamani ambazo wataalamu wa dunia walikuwa wamekaa wakakubaliana kuwa ndizo bora kuliko zote. Kila moja ilikuja na karatasi ya sifa, isomewe watazamaji kabla ya filamu kuanza, ili wajue mapema kwamba watapendezwa. Bi Mwanamize aliisoma kwa uaminifu. Kisha filamu ikaanza, na watu wa Tana wakatoa maoni yao, ambayo hakuna mtaalamu aliyekuwa ameyauliza.

Ile ya mtu anayepanda ngazi kwa nusu saa, Minjila walimshauri ashuke. Ile ya tajiri anayezunguka peke yake katika nyumba kubwa akilia kwa kukosa furaha, Kulesa waliuliza wajomba zake wako wapi, na kwa nini hakuna hata mmoja aliyekuja kumkalisha kitako. Mlinzi wetu Ngumbao alikuwa na kipimo chake: filamu iliyosifiwa sana ilimlaza kabla majina ya mwanzo hayajaisha, na iliyosifiwa kiasi ilimfikisha mpaka mtu wa kwanza afungue mlango. Kila mwezi Bi Mwanamize aliripoti makao makuu Mombasa kwamba filamu zimepokewa vizuri, akimaanisha kwamba turubai limerudi bila kupigwa jiwe.

Iliyotushinda kabisa ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa sifa. Iliitwa "Mfugaji wa Bonde la Baridi", ya rangi nyeusi na nyeupe, saa tatu kasoro kidogo, kutoka nchi ambayo hakuna mmoja wetu angeweza kuionyesha kwenye ramani. Inaanza na mfugaji akivusha ng'ombe wake mto mkubwa. Jamani, hapo mwanzo ni pazuri. Waorma husimama. Hewani, ambako mtu hachoti maji bila kuutazama mto mara mbili, walimwona yule bwana kuwa shujaa wa ajabu kwa kuingia majini bila kuwaza mamba. Halafu ng'ombe wanaondoka, hawaonekani tena, na kwa saa mbili na zaidi mfugaji yuko nyumbani akitazama mambo mbalimbali: ukuta, dirisha, mlango, kisha ukuta tena.

Hiribae, mfanyabiashara wa ng'ombe anayejulikana soko zima la Garsen, aliiona akiwa kijana, na alikaa mpaka mwisho kwa sababu moja tu: alitaka kujua ng'ombe wamelala wapi. Filamu ilipoisha bila jibu, alimfuata Bi Mwanamize akamdai kundi zima. Alisema mtu hawezi kuonyeshwa ng'ombe wote wale, wanono, halafu akaambiwa aangalie ukuta.

Katika mwaka wa tatu wa Bi Mwanamize, mto wetu nao ukatoa maoni. Tana ilifurika, maji yakaingia stoo, mikanda ikalowa. Bi Mwanamize aliisafisha na kuianika kwenye kamba za nguo na ua wa Mama Mbodze, jirani wa ofisi, kipande kwa kipande. Mbuzi wa Mama Mbodze akala sehemu ya ile filamu ya ngazi, na nadhani ndiye mtazamaji pekee katika wilaya nzima aliyeifurahia. Ulipofika wakati wa kuunga vipande kwa gundi, Bi Mwanamize akagundua kwamba mpangilio umemvurugikia. Akaunga kwa akili yake. Ng'ombe wa mtoni wakaangukia mwisho.

Aliijaribu ukutani, yeye na Mohdhar, na wote wawili wakatazamana. Mfugaji alikaa nyumbani, akautazama ukuta, akachoka nao kama sisi tulivyochoka, akatoka, akaenda kuvusha ng'ombe wake. Kwa mara ya kwanza filamu ile ilikuwa inakwenda mahali.

Hapo mkasi ukamnogea. Sehemu ya katikati ilikuwa imekauka salama, haina hata doa, maana mafuriko hayakujua kuchagua. Bi Mwanamize akachagua kwa niaba yake. Akaondoa dirisha, akaondoa mlango, akaondoa ukuta wote isipokuwa kidogo wa kuonja. Filamu bora ya dunia ikabaki dakika hamsini. Hakumwambia mtu ila Mohdhar, na Mohdhar alikuwa akiambiwa kitu kimeambiwa kaburi.

Wasomaji, delta ilipagawa. Filamu iliitishwa harusini Kulesa. Hiribae alimpa fahali wake jina la Sinema. Hewani walimpigia mfugaji kelele za mamba kila mwaka, na kila mwaka akavuka salama, na kila mwaka wakafurahi kana kwamba ni habari mpya. Mikanda ilipohamishiwa kwenye kompyuta, kilichohamishwa ni hicho hicho cha dakika hamsini, na waliozaliwa baadaye hawajui kingine. Huko Mombasa walipokea ripoti kwamba ile filamu ngumu inapendwa Tana kuliko popote nchini, wakawa wanaitolea mfano kwenye semina.

Sasa makao makuu yana mkurugenzi mpya, Bwana Abdulhakim. Amesomea filamu chuo kikuu, na tasnifu yake yote, kurasa kwa kurasa, inahusu "Mfugaji wa Bonde la Baridi". Mwezi Agosti alipiga simu kwa furaha kubwa. Alikuwa amepata nakala kamili, iliyosafishwa upya, na angeileta mwenyewe Garsen kuionyesha siku ya kumuaga Bi Mwanamize, kisha amkabidhi cheti cha utumishi uliotukuka. Ofisi nzima ilishangilia. Bi Mwanamize aliuliza kama pilau peke yake isingetosha.

Baadaye alinivuta stoo, akafunga mlango, akanieleza yote. Hakuwa akiilia karatasi ya cheti. Aliogopa kwamba miaka yake yote ya kazi ingekuja kukumbukwa kuwa ni ya mtu aliyeharibu mali aliyoaminiwa. Aliniuliza, na hakuwa anatania, kama alichofanya kilikuwa kazi au uharibifu. Nilimwambia ni kazi. Hakuridhika, kwa sababu kazi yenyewe amenifundisha yeye, kwa hiyo ilikuwa kama kujiuliza mwenyewe na kujijibu.

Siku ikafika. Baada ya swala ya Ijumaa watu walijaa ukumbini, madirisha tumeyaziba kwa magunia, joto la kupikia mkate. Bwana Abdulhakim aliisifu filamu kwa kirefu. Kisha ng'ombe wakaingia mtoni, na ukumbi ukanong'ona, maana mwisho ulikuwa umekuja mwanzo. Kisha ukuta. Kisha dirisha. Watu walivumilia kwa adabu, mgeni hafokewi, na Ngumbao alikuwa ameshalala zamani. Lakini mlango ulipoanza kutazamwa, Hiribae alisimama.

"Bi Mwanamize, hii si ile yetu. Hii mtu ametia maji."

Bwana Abdulhakim alimweleza kwa upole kwamba hivi ndivyo filamu ilivyotengenezwa na mwenyewe. Hiribae akajibu kwamba basi huyo mwenyewe angefika Garsen mapema akasaidiwa. Ukumbi ukacheka. Mkurugenzi hakucheka. Nilimwona akigeuka polepole kumtazama Bi Mwanamize, cheti kiko mkononi, na nikajua ameelewa. Mkono wangu ulikuwa karibu na waya wa projekta na ninakiri nilifikiria kuuchomoa. Bi Mwanamize aliniwahi. Alinyanyuka akachukua kipaza sauti.

"Maji hayakutiwa, Hiribae. Yalikuwemo tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeyachuja, na sikumwomba mtu ruhusa."

Makofi yalipigwa mpaka Ngumbao akaamka, akapiga na yeye, akalala tena. Bwana Abdulhakim alikirudisha cheti kwenye bahasha yake. Alisema, na nampa heshima yake kwa kusema bila hasira, kwamba hatabishana na watu kuhusu kilichowafurahisha. Aliomba jambo moja tu: filamu iendelee mpaka mwisho, na aliyeikata akae kiti cha mbele aone alichokata. Bi Mwanamize, ambaye miaka yote alitazama filamu akiwa amesimama kando ya mashine, jicho moja kwenye mkanda na jingine kwenye jenereta, akakubali akaketi.

Wengi walielekea kwenye pilau. Tulibaki wachache. Katikati kabisa ya filamu mfugaji anaamka asubuhi, anachemsha chai, anamimina vikombe viwili. Mke hayupo, na kwa wakati huo umeshaelewa kwamba hatarudi. Anakunywa kimoja. Anakaa na cha pili mpaka kinapoa. Basi, hakuna zaidi. Nasema kweli, niliangalia saa yangu mara mbili; sehemu ile ni ndefu kupita kiasi na maoni yangu sibadilishi. Bi Mwanamize hakuangalia saa. Alikuwa analia waziwazi, ukaya wake wa kujifunika kichwa umemdondoka begani, na mimi nilihuzunika hata nikasahau kwamba nimekaa hapo ili nimtetee.

Tulipoondoa magunia madirishani, Bwana Abdulhakim alimsogelea akamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini aliiondoa sehemu ile.

"Nilikuwa sijaolewa," alisema. "Nilimwona huyu baba anatupotezea wakati."

Waliowahi kuhudhuria mikutano ya Bwana Abdulhakim hawataamini, lakini hotuba ya cheti aliiruka. Alikitoa cheti kwenye bahasha, akampa kwa mikono miwili, akabaki amesimama. Bi Mwanamize alipokwisha kujifuta uso alimwarifu kwamba vikombe vitarudi mahali pake, ila ng'ombe watabaki mwisho, na hilo halina mjadala. Mkurugenzi alikubali kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Jumatatu, akiwa tayari mstaafu, alifika ofisini kabla yangu. Kutumia kompyuta hajui, kwa hiyo alikaa kando yangu na kunielekeza kwa kidole. Vikombe viwili vilirudishwa vyote, kutoka kwenye nakala kamili ya mkurugenzi. Nilimsihi turudishe nusu, akanitazama, nikarudisha vyote. Juma lililofuata tukaenda kuionyesha Minjila, yeye kwa nauli yake, na Hiribae akaja akaketi nyuma yake tu.

Chai ikamiminwa. Watu wakakohoa, mmoja akaanza kutafuta viatu vyake. Hiribae akauliza kwa sauti ng'ombe wako wapi. Bi Mwanamize hakugeuka.

"Ngoja," alimwambia.

Na Hiribae, ambaye hajapata kumngoja mtu yeyote katika soko la Garsen, akangoja. Aliyekuwa akitafuta viatu akaketi. Uwanja mzima ukakaa kimya na yule baba mpaka chai yake ikapoa.

Bi Mwanamize, kwa niaba ya wenzako wote wa Garsen, tunasema asante. Tulikupenda hata ulipokuwa mkali, na mkali ulikuwa. Maisha yako huko Kipini yawe marefu, yenye afya na raha, na siku ukitukumbuka uje tu. Hatutakuuliza umefuata nini.