Bomba Lipo, Maji Hayapo: Maisha ya Bwana Ramani

Baba yetu mdogo, ambaye ofisini na mtaani alijulikana kama Bwana Ramani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba iliyo nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita.

Alianza shule mwaka 1976. Siku moja mwalimu wa jiografia aliwaagiza wachore mto. Marehemu aliuchora, kisha kando yake akaandika majina ya wanawake wote waliofua pale. Mwalimu akamwambia mto hauna majina ya watu. Akajibu, "Sasa mwalimu, bila hao si mstari tu?" Alichapwa viboko viwili. Mwaka 1990 alihitimu chuo cha upimaji.

Mwaka 1991 aliajiriwa na ofisi ya maji kuchora ramani. Ramani zilipohamia kwenye kompyuta, fomu ya ofisi ilikuwa na swali moja: "Bomba lipo?" Haikuuliza kama linatoa maji. Bomba likiwa limesimama, hata kama limekauka miaka sita, liliwekewa alama ya kijani, na taarifa ikasema asilimia tisini na moja ya wakazi wana maji. Hesabu ilikuwa sahihi. Ndiyo maana ule uongo ulimchoma.

Kuanzia 2022, kila Jumamosi, alizunguka na simu yake akarekodi mabomba 143. Binti yake mkubwa, mtaalamu wa kompyuta, akaziunganisha sauti na ramani. Ukibonyeza alama ya kijani unasikia bomba likikohoa hewa, halafu mtu anaeleza. Mama mmoja mfua nguo anasema, "Hili ni bomba la picha, mwanangu. Wakubwa wakija linapakwa rangi, wakiondoka tunaanikia nguo."

Mkuu wake alimwambia, "Bwana Ramani, sisi tunataka data, wewe unatuletea hadithi." Akamjibu, "Mkuu, fungua hilo bomba la chooni kwako tuisikilize hiyo data." Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo, na ramani yake ikazimwa.

Mwaka 1996 alikuwa amefunga ndoa na mama yetu mdogo, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Wakiwa wachumba alimchorea ramani ya kufika kwao, mama mdogo akaishia kwa jirani na kunywa chai huko. Marehemu alisema ndipo alipojifunza kuuliza watu kabla ya kuchora.

Tarehe 2 Juni alishikwa na homa ya matumbo. Daktari aliuliza, "Nyumbani mnakunywa maji ya wapi?" Mama mdogo akasema ya kisima cha wazi, maana bomba lao lilikauka 2019. Kwenye ramani ya ofisi, bomba hilo ni la kijani. Alifariki Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, saa nne asubuhi. Tumeambiwa ni mapenzi ya Mungu. Tusimsingizie Mungu; si yeye aliyeandika fomu ile.

Jana ofisi ilituma shada la maua pamoja na barua: sauti zote ni mali ya ofisi, zirudishwe kabla ya Jumatatu. Mama mdogo aliisoma mara mbili. "Sauti za watu zinarudishwaje?"

"Hazirudi, mama," binti yake mkubwa akasema. "Kila aliyezungumza nimeshamtumia ya kwake."

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na ndugu watano. Yeye apumzike kwa amani. Aliyetia saini barua ile tunamwomba asipumzike kwanza. Jumatatu tutamfuata ofisini, mtaa mzima, na ndoo tupu.